Mababu Wengi wa Simiyu: Vinasaba na Asili ya Watu kati ya Ziwa Viktoria na Ziwa Eyasi

Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Mkoa wa Shinyanga mwaka 2012 na kupewa mji wa Bariadi kuwa makao yake makuu, unajulikana nchini Tanzania kwa pamba, kwa ng'ombe na kwa Kisukuma, na msafiri anayepita katika minada ya Bariadi, Lamadi au Mwanhuzi anaweza kudhani kwamba wakazi wake, waliohesabiwa kuwa 2,140,497 katika sensa ya mwaka 2022, ni wazao wa babu mmoja waliozaana na kuongezeka pale pale. Dhana hiyo haiungwi mkono na masimulizi ya wazee wenyewe, ambamo historia ya ukoo mara nyingi huanza kwa safari kutoka mahali pengine, wala haiungwi mkono na elimu ya vinasaba, ambayo katika miaka ishirini hivi iliyopita imechunguza damu na mate ya watu wa Afrika Mashariki walio hai pamoja na mifupa ya waliozikwa maelfu ya miaka iliyopita. Ushahidi wa pande zote mbili unaonyesha kwamba kabila hujengwa kwa lugha, desturi na makubaliano ya watu, na kwamba ndani ya jina moja la Wasukuma, au hata ndani ya jina dogo zaidi la Wanyantuzu wa Bariadi, wamo wazao wa watu ambao zamani waliitana wageni, na mara nyingine maadui.

Mahali ulipo mkoa wenyewe panaeleza mengi. Upande wa kaskazini-magharibi, Wilaya ya Busega inagusa maji ya Ziwa Viktoria. Upande wa kusini-mashariki, Wilaya ya Meatu inateremka kuelekea Ziwa Eyasi lililomo katika Bonde la Ufa. Na mashariki kuna nyika za Serengeti na Pori la Akiba la Maswa. Katika eneo hilo na pembezoni mwake zimekutana jamii za makundi yote manne ambamo wataalamu wamezoea kuzigawa lugha za Afrika: Wasukuma, Wanyiramba na Wanyisanzu, wanaosema lugha za Kibantu, Wataturu, ambao kwingine hujulikana kama Wadatoga, pamoja na Wamasai, wanaosema lugha za Kiniloti, Wairaki wa nyanda za Mbulu, ambao lugha yao ni ya Kikushi, na Wahadzabe, ambao lugha yao yenye sauti za vidoko imezoeleka kuwekwa katika kundi moja na lugha za Wasan wa kusini mwa Afrika, ingawa wanaisimu wengi wa leo wanaiona kuwa lugha isiyo na ndugu anayejulikana. Ni sehemu chache sana za dunia ambako makundi yaliyo mbali kiasi hicho kilugha yamechunga, yamewinda, yamelima na kuoana kwa karibu namna hiyo.

Vinasaba, ambavyo wengi wamezoea kuviita DNA, ni mada ya urithi iliyomo ndani ya chembe hai za mwili, nayo imepangwa katika jozi 23 za kromosomu zenye mfuatano wa alama za kikemikali zipatazo bilioni tatu. Mtoto hupokea nusu ya mada hiyo kwa mama na nusu kwa baba, lakini kila mzazi, kabla ya kuirithisha sehemu yake, huwa ameichanganya upya ile aliyoipokea kwa wazazi wake, ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hawafanani kabisa na ndiyo maana sehemu itokayo kwa babu fulani huzidi kukatwa vipande vidogo kadiri vizazi vinavyopita. Mtu akihesabu mababu na mabibi wa kizazi cha kumi nyuma yake atapata nafasi 1,024, na kwa kuwa vipande havigawiki sawasawa, wengi wa wahenga hao hawakumwachia hata kipande kimoja, ingawa bila wao asingezaliwa. Kwa hiyo kipimo cha vinasaba kinaposema kwamba mtu ana asili fulani kwa kiwango fulani, kinazungumzia vipande vilivyobaki na kufanana kwavyo na vipande vya watu waliokwisha kupimwa. Hakiwezi kuorodhesha wahenga wote, na hakina uwezo wowote wa kusema mtu huyo ni wa kabila gani.

Sehemu mbili za urithi huo hazichanganywi, na kwa sababu hiyo zimependwa sana na watafiti wa historia. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume peke yake, na vinasaba vya mitokondria, yaani vya kile kisehemu cha chembe hai kinachozalisha nguvu, hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake wote lakini huendelezwa na mabinti tu. Kwa kufuata njia hizo mbili mtafiti huona mstari mmoja wa kiume na mstari mmoja wa kike ukirudi nyuma maelfu ya miaka, na mtu anaweza kufikiri kwamba mstari wa kiume ungelingana na ukoo wa Kisukuma, ambao hufuata upande wa baba. Hapa ndipo desturi inapofundisha jambo ambalo maabara peke yake isingelijua. Sheria za mila za Wasukuma, ambazo Hans Cory alizikusanya na kuzichapisha katika miaka ya 1950 akiwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika, ziliuweka uhusiano wa mtoto na ukoo katika mahari: mahari ikilipwa, watoto waliozaliwa katika ndoa hiyo ni wa upande wa mume, isipolipwa, watoto ni wa upande wa mama na hukua chini ya babu na wajomba wao. Desturi hiyo ilimhakikishia kila mtoto mahali pa kuitwa kwao, na kwa hilo inastahili heshima kubwa, lakini matokeo yake ni kwamba jina la ukoo lingeweza kupita kwa mtu ambaye hakumzaa mtoto, na kromosomu Y ya mgeni aliyepita ikabaki katika boma ambalo historia yake haimtaji mgeni huyo.

Upande wa utawala mambo yalikuwa tofauti zaidi. Katika tawala nyingi za Usukuma wa zamani ntemi, yaani mtawala wa jadi, hakurithiwa na mwanawe, bali na mtoto wa dada yake, utaratibu uliodumu hadi ulipobadilishwa wakati wa ukoloni. Watemi waliofuatana kwa njia hiyo walikuwa wa uzao mmoja kwa upande wa mama, huku kila mmoja akiwa amezaliwa na baba wa ukoo mwingine, kwa hiyo mtafiti atakayetafuta nyayo za watawala wa kale kwa kufuata kromosomu Y angekuwa akimfuata mume wa binti mtawala mmoja baada ya mwingine, ilhali uzi wenyewe wa utawala ulipita katika mitokondria. Masimulizi ya tawala nyingi husema kwamba watemi walitoka magharibi ya ziwa na kuwakuta wenyeji ambao tayari walikuwa wakilima na kuwinda, na kwamba wenyeji hao waliendelea kushika baadhi ya kazi za ardhi na matambiko. Masimulizi ya aina hiyo hayasemi kwamba wenyeji waliangamizwa. Yanasema waliingizwa katika jamii mpya.

Tabaka la kale kuliko yote katika nchi hii ni la wawindaji na wakusanyaji wa mizizi, asali na matunda ya porini. Katika pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, uchimbaji ulioanzishwa na Ludwig na Margit Kohl-Larsen katika miaka ya 1930 ulifunua mabaki ya makazi ya binadamu ya makumi ya maelfu ya miaka, na leo Wahadzabe, ambao idadi yao ni zaidi kidogo ya 1,000, wanaishi kuzunguka ziwa hilo hilo, wengine wao wakiwa ndani ya Wilaya ya Meatu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba Wahadzabe na Wasan wa Kalahari, licha ya kufanana kwa sauti za vidoko, wametengana kivinasaba kwa muda mrefu mno, na utafiti mkubwa ulioongozwa na Sarah Tishkoff na kuchapishwa mwaka 2009, uliolinganisha jamii 121 za Afrika kwa kutumia alama zaidi ya 1,300 za vinasaba, uliwaona Wahadzabe wakijitenga kama kundi la pekee miongoni mwa makundi 14 ya asili yaliyotambuliwa. Mifupa ya kale nayo imeongeza picha: matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 kutoka Tanzania, Malawi na Zambia, mengine yakiwa ya watu walioishi miaka ipatayo 18,000 iliyopita, yalionyesha kwamba hata wawindaji wa wakati ule walikwisha kuwa mchanganyiko wa asili tatu, ya mashariki, ya kati na ya kusini mwa Afrika.

Jambo hilo la mwisho lina uzito wa pekee, kwa sababu Wahadzabe wamezoea kusimuliwa katika filamu na katika matangazo ya utalii kama mabaki ya binadamu wa kwanza wasiobadilika. Kusema hivyo ni kosa la kisayansi na ni kuwavunjia watu heshima. Wahadzabe wana historia ndefu kama ya watu wengine wote, wamebadilika kama wengine wote, na kwa muda mrefu wamekuwa wakioana na majirani zao, Wanyisanzu hasa, pamoja na Wasukuma na Wataturu. Watafiti walioishi nao wameeleza kwamba mara nyingi ni mwanamke wa Kihadzabe anayeolewa nje, na kwamba si nadra ndoa hiyo ikivunjika yeye kurudi kwao na watoto, ambao hukua wakiwa Wahadzabe kamili kwa lugha na maisha, hali baba yao ni mkulima au mfugaji. Wakati huo huo wapo wengi waliokwenda na wasirudi, na wazao wao leo wanaishi katika vijiji vya Meatu na Maswa wakiitwa Wasukuma, nao ni Wasukuma.

Baada ya wawindaji walikuja wafugaji. Kabla ya mwaka 2017 habari zao zilitegemea vyungu, mifupa ya ng'ombe na maneno yaliyoazimwa, kwani wanaisimu kama Christopher Ehret walikwisha kuonyesha kwamba lugha za Kibantu za ukanda wa maziwa zilichukua msamiati wa ufugaji kutoka kwa watu waliowatangulia, wakiwemo wasemaji wa lugha za Kikushi. Mwaka huo watafiti wakatangaza vinasaba vya mtu aliyezikwa miaka ipatayo 3,100 iliyopita huko Luxmanda, katika nyanda za juu za Mbulu, si mbali na Eyasi, na wakakuta kwamba takriban asilimia 38 ya asili yake ilihusiana na wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati, na sehemu iliyobaki ilikuwa ya Kiafrika. Miaka miwili baadaye, uchunguzi wa watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania ulifafanua jinsi hali hiyo ilivyotokea kwa hatua: kwanza watu wenye asili ya kaskazini walichanganyika na watu wa pande za Sudan huko kaskazini-mashariki mwa Afrika, kisha wazao wao wakashuka na mifugo hadi Kenya na kaskazini mwa Tanzania na kuchanganyika na wawindaji waliowakuta, halafu, katika Zama za Chuma, wakaongezeka watu wapya kutoka pande za Sudan na wengine kutoka magharibi. Kwa maneno mengine, mfugaji wa Luxmanda alikuwa tayari chotara karne nyingi kabla Mbantu wa kwanza hajafika katika nyika hizi.

Wasemaji wa Kibantu ndio waliotoa lugha, na kwa sehemu kubwa ndio waliotoa vinasaba vya wengi wa wakazi wa leo. Asili yao inafuatiliwa hadi mpakani mwa Nigeria na Kamerun, ambako safari yao ilianza takriban miaka 5,000 hadi 4,000 iliyopita, na kufikia miaka ipatayo 2,500 iliyopita walikuwa wamekwisha kukaa magharibi ya Ziwa Viktoria wakilima, wakifua chuma na kufinyanga vyungu vya aina inayoitwa Urewe. Kwa muda mrefu wanazuoni walibishana iwapo ni watu waliosafiri au ni lugha na ujuzi tu vilivyopokezanwa kutoka jirani hadi jirani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliohusisha wasemaji 1,526 wa lugha za Kibantu kutoka jamii 147 katika nchi 14 za Afrika, umeelekea kuumaliza ubishi huo: watu walisafiri kweli, utofauti wao wa vinasaba ukipungua kadiri walivyokwenda mbali na chimbuko, lakini kila walikofika walioana na wenyeji, kwa kiwango kilichotofautiana sana kutoka mahali hadi mahali.

Wataturu wanastahili kutajwa peke yao, kwa kuwa historia ya Usukuma wa mashariki haieleweki bila wao. Walikuwa wafugaji wenye nguvu katika nyanda za Ngorongoro na Serengeti kabla ya kusukumwa kusini na magharibi na Wamasai, na waliposogea karibu na Wasukuma uhusiano wa pande hizo mbili ulikuwa wa kuibiana ng'ombe, kubadilishana nafaka na mifugo, kutafutana kwa ajili ya uganga wa mvua, na kuoana. Vinasaba vya Wadatoga waliopimwa vinaonyesha mchanganyiko wa asili ya Kiniloti na ya Kikushi, hivyo kila bibi wa Kitaturu aliyeolewa katika boma la Kisukuma aliingiza humo matabaka mawili ya zamani kwa mara moja.

Alama moja ya wafugaji inaweza kuonekana hata katika kibuyu cha maziwa. Binadamu wengi, wanapokua, hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, lakini katika jamii za wafugaji badiliko dogo la vinasaba huufanya uwezo huo udumu hadi uzeeni. Mwaka 2007 kundi la watafiti lililopima Watanzania, Wakenya na Wasudani kwa kuwanywesha sukari hiyo na kupima damu yao liligundua kwamba badiliko lililoenea Tanzania na Kenya ni jingine kabisa na lile la Ulaya, na kwamba lilitokea katika miaka elfu chache tu iliyopita kisha likaenea kwa kasi kwa sababu liliwasaidia watu kuishi. Lililowashangaza watafiti ni kwamba karibu nusu ya Wahadzabe waliopimwa, watu wasiofuga, walikuwa na uwezo huo. Maelezo yake bado yanajadiliwa, na kuoana na wafugaji ni mojawapo.

Matabaka haya yote yaliendelea kuchanganywa na taratibu za jamii ambazo hazina mabaki ya kuchimbwa. Mgeni aliyefika katika nchi ya ntemi alipewa ardhi na ng'wanangwa, yaani kiongozi wa kijiji, akashirikiana na wenzake katika kulima na kujenga, na watoto wake wakazaliwa Wasukuma. Tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890 na njaa zilizoifuata ziliwafukuza watu makwao na kuwaingiza kwa wengine. Misafara ya wapagazi iliyokwenda pwani ilirudi na wake na watoto wa mbali. Na kilimo cha pamba katika karne ya 20 kiliwavuta watu kutoka wilaya zilizobanana kuja katika ardhi ya mashariki iliyosafishwa vichaka vya mbung'o. Pamba ya mamia ya wakulima ikishachambuliwa na kushindiliwa kiwandani hutoka ikiwa robota moja lenye chapa moja, na hakuna awezaye tena kusema uzi upi ulitoka shamba lipi. Usukuma wa Simiyu umefumwa namna hiyo hiyo, isipokuwa kwamba elimu ya vinasaba sasa inaweza kukisia, kwa jumla, mashamba yalikuwa mangapi na yalikuwa upande gani.

Hali hii si ya Afrika peke yake, na mfano wa Wapolandi walioishi nje ya nchi yao unaweza kumsaidia msomaji kuipima. Mwaka 1802 na 1803 Napoleon alipeleka maelfu ya askari wa Kipolandi Haiti kuzima mapinduzi ya watumwa; wengi walikufa kwa homa na vita, baadhi wakahamia upande wa wapigania uhuru, na mia chache walibaki huko. Katiba ya Haiti ya mwaka 1805, iliyowakataza Wazungu kumiliki mali nchini humo, iliwatambua Wapolandi hao kuwa raia, na kwa kuwa ilitamka pia kwamba Wahaiti wote wataitwa weusi, askari hao wakawa weusi kwa sheria. Kijiji cha Cazale kinajulikana hadi leo kwa wazao wao, ambao wamechanganyika na Waafrika kwa vizazi zaidi ya vinane, wanasema Kikrioli, na bado wanakumbuka asili hiyo. Tanzania yenyewe ina kumbukumbu ya Wapolandi: kuanzia mwaka 1942 wakimbizi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamepelekwa Siberia na Kazakhstan na utawala wa Kisovieti kisha wakapitia Uajemi, walihifadhiwa katika kambi ya Tengeru karibu na Arusha, ambako makaburi yao yangalipo. Hao walitoka mashariki mwa Poland ya wakati ule, nchi ambayo Wapolandi, Waukraine, Wabelarusi na Wayahudi walikuwa wakiishi kijiji kwa kijiji na mara nyingi wakioana, na wengi waliobaki hai walitawanyika Uingereza, Kanada na Australia, ambako wajukuu wao wanahesabiwa kuwa Wapolandi wa ughaibuni.

Huko Ulaya kwenyewe vinasaba vimefundisha somo la kutafakarisha. Uchunguzi wa kromosomu Y uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta tofauti dhahiri kati ya wanaume wa Poland na wa Ujerumani iliyofuata mpaka wa sasa wa nchi hizo mbili, na mtu asiyejua historia angeweza kudhani kwamba mpaka huo ni wa maelfu ya miaka. Ukweli ni kwamba mpaka huo ulichorwa mwaka 1945, na tofauti hiyo ilikolezwa na kuhamishwa kwa nguvu kwa mamilioni ya Wajerumani na Wapolandi baada ya Vita Kuu ya Pili. Siasa ilihamisha watu, na ramani ya vinasaba ikabadilika ndani ya miaka michache.

Wasukuma nao wana ughaibuni wao, ingawa uko ndani ya mipaka ya nchi yao. Tangu miaka ya 1970, kwa kubanwa na uhaba wa malisho, ukame na kuongezeka kwa mashamba ya pamba, familia nyingi kutoka wilaya ambazo leo ni Simiyu, Shinyanga na Mwanza zilihama na ng'ombe wao hadi Rukwa, Katavi, bonde la Usangu na bonde la Kilombero, na wengine wakafika hadi Lindi. Huko ni wachache miongoni mwa wenyeji, wanalaumiwa mara nyingi kwa migogoro ya ardhi, na wanashikilia Kisukuma na ngoma zao kwa nguvu. Lakini vijana wao wanaoa Wafipa, Wasangu na Wandamba, na mtoto wa ndoa hizo anaweza kuitwa Msukuma kwa sababu mahari ilihesabiwa kwa ng'ombe, hali nusu ya vinasaba vyake ni ya kusini. Atakayewapima wajukuu hao baada ya karne moja ataona mwanzo wa tabaka jipya.

Makampuni ya nje yanayouza vipimo vya asili kwa njia ya posta hayawezi kuisimulia historia hii ya matabaka kwa mtu wa Bariadi, kwa kuwa hulinganisha mate ya mteja na sampuli yalizo nazo, na sampuli za Afrika Mashariki katika hazina zao ni chache na zimepewa majina mapana. Nchini Tanzania matumizi ya vinasaba vya binadamu yanasimamiwa na sheria ya mwaka 2009, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayojulikana zaidi kwa vipimo vya uzazi na vya kesi za jinai. Kwa upande wa utafiti, ridhaa ya wanaotoa damu ndilo jambo la kulindwa kuliko yote, hasa kwa jamii ndogo kama Wahadzabe, ambao wametoa sampuli kwa ajili ya sayansi ya dunia nzima mara nyingi kuliko walivyorudishiwa majibu kwa lugha wanayoielewa.

Faida ya elimu hii kwa mwananchi wa kawaida haipo sana katika fahari ya asili. Ipo katika afya, na mambo mawili yanatosha kuonyesha hivyo. La kwanza ni ualbino. Tanzania ina mtu mmoja mwenye ualbino kwa takriban kila watu 1,400, kiwango kikubwa kwa kulinganisha na nchi nyingi, na Kanda ya Ziwa ndiyo iliyotikiswa zaidi na mauaji ya watu hao yaliyojulikana sana kuanzia miaka ya 2006 na 2007. Katika miaka ya 1990 watafiti waligundua kwamba sehemu kubwa ya ualbino wa Tanzania inatokana na kukosekana kwa kipande kile kile cha alama zipatazo 2,700 katika jeni moja, na kwamba kipande hicho hicho kinakosekana kwa watu wenye ualbino wa Afrika Kusini na kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika. Pengo lililo sawa kiasi hicho lilitokea mara moja, kwa mhenga mmoja, kabla wasemaji wa Kibantu hawajatawanyika, na likasafiri kimya kupitia watu wenye ngozi nyeusi ambao hawakujua kwamba wanalibeba. Ili mtoto azaliwe na ualbino ni lazima baba na mama wote wawili wawe wamempa pengo hilo. Mama wa Maswa au Itilima anayelaumiwa kwa uzinzi au kwa laana baada ya kujifungua mtoto wa namna hiyo anaonewa, kwa maana mtoto mwenyewe, kwa kawaida, ni ushahidi kwamba baba naye ni mbebaji.

La pili ni selimundu, ugonjwa ambao chembe nyekundu za damu hujikunja mithili ya mundu, zikaziba mishipa na kuleta maumivu makali, upungufu wa damu na mara nyingi kifo cha utotoni. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima karibu watu 5,000 wa Afrika Mashariki, na mwaka 1954 akaeleza kwa nini jeni hiyo imeenea palipo na malaria: mtu aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu haumwi selimundu, na hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Uchambuzi wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba jeni hiyo ilianzia kwa mtu mmoja barani Afrika miaka ipatayo 7,300 iliyopita. Wasemaji wa Kibantu waliibeba hadi Ziwa Viktoria, mbu wa kandokando ya ziwa wakaifanya iwe na faida, na ndoa za vizazi vingi zikaisambaza bila kujali jina la kabila. Mwaka huo huo utafiti ulioihusisha Hospitali ya Bugando ya Mwanza, uliopima damu ya watoto zaidi ya 16,000 wa mikoa ya kaskazini-magharibi, ulikuta kwamba takriban mtoto mmoja kati ya watano ana jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja, na zaidi ya mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe.

Kwa wachumba wawili ambao wote ni wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kuleta mtoto mgonjwa, na kwa kuwa asili za watu wa Simiyu zimechanganyika kwa muda mrefu kiasi hiki, hakuna ukoo unaoweza kujihesabu kuwa nje ya hatari hiyo kwa sababu ya jina lake. Hali ya ubebaji hujulikana kwa kipimo cha damu kinachofanyika mara moja tu maishani. Mtoto anayegunduliwa mapema huanzishiwa kinga ya vijidudu na ya malaria, na dawa ya hydroxyurea, ambayo hupunguza maumivu, haja ya kuongezewa damu na vifo, hufanya kazi vizuri zaidi inapoanza kutumika kabla viungo vya ndani havijaharibika.